Bakshishi kwenye meza ya pool: uikate kwenye bili yote, kwenye vinywaji tu, au kwa saa?

Mashine ya kadi imegeuziwa upande wako. Bili ina saa 3 za meza na soda 2, na chini ya jumla kuna vibonye vitatu: asilimia 18, 20 na 25. Nyuma yako mwenzako anafungua fimbo yake vipande viwili na kuitia mkobani. Mhudumu anatazama pembeni kwa adabu, kama mtu asiyesubiri kitu. Una sekunde chache za kujua kama ulichofanya jioni nzima ni kukodi meza au ni kuhudumiwa.

Ubishi wote uko hapo. Mkahawani hakuna utata, kwa sababu kila kilichoandikwa kwenye bili kimepita mikononi mwa mtu aliyekuletea. Bili ya ukumbi wa pool ina vichwa viwili. Kimoja ni kodi ya meza, na saa inaihesabu hata ukikaa kitini unapiga soga bila kugusa mpira. Cha pili ni huduma. Karatasi inavijumlisha kama kitu kimoja, na mashine haijui tofauti.

Njia zote nitakazozilinganisha hapa nimewahi kuzitumia, nyingine kwa kutojua. Niseme mapema ninakoegemea: nahesabu mikono iliyogusa meza yangu, si dakika zilizopita. Hata hivyo saa nayo siitupi kabisa, na sababu yake itaonekana.

Kabla ya asilimia, tazama ukumbi

Meza ya sarafu, ile ndogo ya futi 7 inayokaa kwenye kona ya baa, inajihudumia yenyewe. Unatumbukiza sarafu, mipira inaporomoka, unaipanga kwa mkono wako. Mipira ya namba ikiingia shimoni inafungiwa ndani. Mweupe peke yake ndio unaorudi, kwa kuwa meza inautambua kwa ukubwa wake au kwa sumaku. Hakuna mtu katika shughuli hiyo. Sarafu uliyotumbukiza haidaiwi bakshishi, wala hakuna atakayekutazama vibaya. Kinywaji ulichochukua baa kina hesabu yake.

Ukumbi wa kaunta ni mwingine. Unakabidhiwa trei ya mipira, labda unaacha kitambulisho, saa inawashwa. Kiu ikikushika unakwenda kaunta mwenyewe na kubeba glasi yako mwenyewe. Mwisho unarudisha trei na kulipa. Watu wengi hapa hawatoi kitu juu ya kodi ya meza, nami siwalaumu. Ila kumbuka kuna mtu anayeisafisha meza ukishaondoka, hata kama hukumwona.

Aina ya tatu ndiyo inayoleta maneno: ukumbi wenye wahudumu wanaozunguka, kila mmoja na meza zake. Mfikirie mhudumu aliyegawiwa meza 6, na meza 4 kati ya hizo zimekaliwa na watu wawili-wawili wanaokunywa maji ya bomba tangu jioni ilipoanza. Mkahawani viti hivyo vingepata wateja wapya mara mbili au tatu kwa usiku mmoja. Kwenye pool havipati, kwa kuwa wachezaji wakinogewa hawanyanyuki. Kila saa inayopita mwenye ukumbi analipwa kodi yake yote, na mhudumu anabaki na meza iliyoshikwa na mkono mtupu. Ndiyo maana nimesema saa siitupi. Hatoki jasho kwa sababu ya saa, lakini saa inamzibia nafasi ya kupata.

Mikono hiyo inafanya nini

Siku moja chelewa kuondoka, uangalie meza inavyotengenezwa. Meza ya futi 9 ina eneo la kuchezea la sentimita 254 kwa 127, yaani zaidi kidogo ya mita za mraba 3. Msimamizi anaanza na glasi zilizoachwa juu ya mbao za ukingo, na chini ya kila glasi kuna duara la maji la kufuta kabla halijaila mbao. Anahesabu mipira: 15 na mweupe wake. Anaokota chaki mbili za kupaka ncha ya fimbo, moja kutoka chini ya meza. Ndipo anashika brashi na kuusukuma unga wa chaki kuelekea upande mmoja, taratibu, kwa sababu akipiga kwa nguvu unga unaruka na kutua tena kitambaani. Kama mchezaji aliyetangulia alipenda kujipaka poda mikononi, kuna alama nyeupe za viganja kila alipowahi kuinama, utadhani mtoto amecheza na unga.

Snuka, ndugu wa pool mwenye meza kubwa zaidi, ni kazi mara mbili. Eneo la meza ya futi 12 linakaribia mita za mraba sita na nusu, na kitambaa chake kina vinyweleo vinavyolala upande mmoja. Brashi hupita kutoka upande wa kuanzia kuelekea upande wa mpira mweusi, wala hairudishwi nyuma. Kumbi zinazojali hupiga hata pasi.

Kiswahili kina neno lake kwa malipo ya namna hii: kiinua mgongo. Siku hizi tunalitumia zaidi kwa mtu anayestaafu, lakini ukimwona mtu ameinama chini ya meza anatafuta chaki yako, unaona neno hilo lilitoka wapi.

Njia ya kwanza: asilimia ya bili yote

Hii ndiyo mashine inayokupendekezea. Unachukua jumla, meza na vinywaji pamoja, unakata asilimia 15 au 20, basi. Uzuri wake ni kwamba haihitaji kufikiri, na inamlinda yule mhudumu wa meza za wanywa maji: ukikaa saa 4 bila kuagiza, bakshishi yake inakua pamoja na kodi yako.

Ubaya wake ni kwamba inafuata bei ya meza, na bei ya meza haina uhusiano na kazi. Meza hiyohiyo, mhudumu yuleyule, mchana ina bei ya chini na wikiendi usiku bei inapanda. Je, usiku brashi ni nzito zaidi? Kuna na hili: kumbi nyingi hutoza kwa kila mchezaji, nyingine kwa meza. Watu 4 wakitozwa kila mmoja kivyake, kodi inaweza kuzidi vinywaji vyote, na bakshishi inavimba kwa hesabu ambayo mhudumu hakuihangaikia. Siku ya ofa ya meza bure inakuwa kinyume: kodi ni sifuri, jasho ni lilelile, na asilimia inasema hadai kitu.

Ninaitumia pale tu ambapo mhudumu mmoja alitushika tangu kuingia hadi kutoka: akatuletea trei, akapanga mipira ya mwanzo, akarudi na vinywaji, akafunga saa. Hapo meza ilikuwa sehemu ya huduma yake kweli, na kuigawanya bili ni ubahili uliovaa koti la hesabu.

Njia ya pili: asilimia ya vinywaji na chakula tu

Wanaoishika njia hii wana hoja safi: kodi ni kodi. Ukikodi baiskeli humpi mtu asilimia ya masaa uliyoendesha. Unaiweka meza pembeni, unakata asilimia 20 kwenye kilicholetwa mezani.

Kwa ukumbi wa kaunta hii inatosha kabisa. Kwa kundi linaloagiza sana pia inatosha, kwa kuwa vinywaji vyenyewe vinabeba. Inapovunjika ni kwa wachezaji wa kweli, wale wanaokuja kufanya mazoezi. Mtu wa mazoezi hanywi. Anaagiza maji, anapiga mpira uleule kwenye shimo lilelile mara mia, na baada ya saa 3 bili yake ya vinywaji haifiki popote. Akikata asilimia 20 ya hapo, anaacha sarafu ambayo ingekuwa heshima zaidi kutoiacha.

Wapo wanaotoa kiasi kimoja kwa kila glasi badala ya asilimia. Baani ni rahisi. Mezani inarudi kwenye shida ileile ya mnywa maji, kwa hiyo sitaipa nafasi zaidi.

Njia ya tatu: kiasi kidogo kwa kila saa, juu ya asilimia ya vinywaji

Hii ndiyo yangu. Unaamua kiasi kidogo cha kila saa uliyoishika meza, unakijumlisha na asilimia 20 ya vinywaji. Kiasi hicho hakipandi kwa sababu ni wikiendi wala hakishuki kwa sababu ya ofa. Mimi hukiweka karibu na sehemu ya kumi ya bei ya kawaida ya saa moja, kisha nakiacha hapo mwaka mzima.

Tuzipambanishe. Tumia sarafu yoyote uitakayo. Tuseme meza ni 10 kwa saa, kinywaji 3, sahani ya chakula 8. Kundi A ni watu 2, saa 3, vinywaji 2. Kundi B ni watu 4, saa 1, vinywaji 8 na sahani 2.

| | Kundi A | Kundi B |
|---|---|---|
| Meza | 30 | 10 |
| Vinywaji na chakula | 6 | 40 |
| Asilimia 20 ya bili yote | 7.2 | 10 |
| Asilimia 20 ya vinywaji na chakula tu | 1.2 | 8 |
| 1 kwa saa, pamoja na asilimia 20 ya vinywaji na chakula | 4.2 | 9 |

Kundi B halina tatizo: ukitoka 8 hadi 10, hakuna atakayenuna. Mzozo wote uko kwa kundi A, ambalo njia moja inalidai mara 6 ya nyingine. Mhudumu aliyewaletea soda mbili na kuwatazama saa 3 hakufanya kazi ya 7.2, lakini 1.2 kwa meza iliyokaliwa jioni nzima ni kumwambia alipoteza usiku. Ile 4.2 naweza kuitetea mbele ya mhudumu na mbele ya rafiki yangu bahili.

Ukicheza kundi B zaidi, chukua njia ya pili na ulale usingizi. Ukiwa kundi A, nayo ndiyo maisha ya wengi wanaoupenda mchezo wenyewe, chukua ya tatu.

Nchi inabadilisha hesabu

Asilimia 20 ni desturi ya Marekani, na ina mzizi wake. Sheria ya shirikisho huko inamruhusu mwajiri kumlipa mfanyakazi anayepokea bakshishi dola 2.13 tu kwa saa, kiwango ambacho hakijabadilika tangu 1991, mradi bakshishi ziufikishe mshahara wake kwenye kima cha chini cha 7.25. Majimbo 7, California na Washington yakiwemo, hayaruhusu punguzo hilo. Kwa hiyo ndani ya ukumbi mmoja mhudumu wa vinywaji anaweza kuwa anaishi kwa bakshishi, na anayepiga brashi meza yuko kwenye mshahara kamili. Hiyo ni sababu moja zaidi ya kutouchukulia ukumbi kama mkono mmoja.

Sheria ya 2018 ya huko inawakataza waajiri na mameneja kujiwekea bakshishi za wafanyakazi. Uingereza, tangu Oktoba 1, 2024, mwajiri anatakiwa kuwafikishia wafanyakazi bakshishi zote bila kukata. Ufaransa huduma imo tayari ndani ya bei, na sarafu zinazoachwa ni za asante. Japani usiache kitu. Kuna uwezekano mkubwa wa kufuatwa hadi mlangoni urudishiwe chenji yako.

Jingine la kusoma kwenye bili ni tozo ya huduma iliyokwisha kuchapwa, hasa kwa makundi makubwa. Hiyo si bakshishi, hata kama inafanana nayo kwa sura. Ikiwepo, njia zote tatu zinafungwa. Ukitaka kuongeza, ongeza kwa mkono.

Umempa nani?

Hapa niliwahi kuumbuka. Kuna ukumbi nilikuwa nakwenda karibu kila wiki. Kila nikimaliza nalipa kaunta kwa kadi, naongeza bakshishi nzuri kwenye mashine, naondoka kifua mbele. Baada ya miezi kadhaa nikamwona dada anayetuhudumia akizipita meza zote na kuja kwetu mwisho. Nikamtania.

"Dada, leo umetusahau?"

Akacheka, ila si sana. "Kaka, nyie mnaondoka bila kuaga."

Ikanichukua muda kuelewa. Nilichokuwa naongeza kaunta kilikuwa kinabaki kaunta, kwa zamu ya kaunta. Yeye alikuwa hapati hata senti, na kwa macho yake mimi nilikuwa mteja wa saa 3 asiyejua asante. Hakuna aliyeiba, ndivyo ukumbi ulivyopanga, nami sikuuliza. Tangu siku hiyo sehemu ya vinywaji namkabidhi aliyevileta, taslimu, mkononi, kabla sijaifuata kaunta. Sehemu ya saa naiacha pale trei inaporudi, kwa kuwa anayepokea trei huwa ndiye atakayekwenda na brashi. Kama hujui bakshishi za kadi zinakwenda wapi, muulize mhudumu mwenyewe. Hatachukia swali hilo.

Na ukimkuta mwenye ukumbi ndiye anayekupangia mipira? Huyo kodi imeshamlipa. Asante ya mdomo inamtosha.

Anayefungwa analipa meza

Utaratibu unaopendwa na wachezaji ni huo: aliyefungwa ndiye anayelipa saa. Ni haki, ni ushindani, na unaua bakshishi kimyakimya. Aliyefungwa amelipa kwa uchungu na hataki kuongeza hata sarafu. Aliyeshinda hajagusa bili, kwa hiyo hakuona mashine. Mhudumu anaondoka na lawama za mchezo asioucheza.

Kwetu tulimaliza hivi: aliyefungwa analipa meza, aliyeshinda anatoa bakshishi. Mshindi ana furaha, na mtu mwenye furaha hahesabu sana. Kama mko wengi, wekeni mchango mezani kabla ya mpira wa mwisho. Mchezo wenyewe ulipata jina kwa namna hiyo: pool lilikuwa chungu cha dau ambalo kila mmoja alitia chake.

Hali zisizoingia kwenye jedwali

Siku ya ofa au meza ya bure kwa wanachama, hesabu kana kwamba umelipa bei ya kawaida. Usiku wa ligi, meza zote zimejaa watu wanaosubiri zamu na wengi hawaagizi. Hapo kila mchezaji atoe kitu hata kama hakupiga mpira. Ukishinda zawadi ya fedha kwenye mashindano madogo, toa sehemu kwa aliyeyaendesha, maana mara nyingi alikuwa akiita majina tangu mchana. Mwalimu anayekutoza ada ya somo hadai zaidi ya ada yake.

Ukimwaga kinywaji kwenye kitambaa, sema hapohapo. Bakshishi nono ya kufidia ukimya haisaidii, kwa sababu unyevu ukikaa, mipira itapunguza kasi pale ulipomwaga, na mchezaji anayefuata ataulaumu ukumbi.

Na kama mfuko umekauka, nao hukauka, punguza kazi badala ya fedha. Peleka glasi zenu kaunta. Usikalie ukingo wa meza. Futa viganja kabla ya kuinama, poda isibaki kitambaani. Geuza chaki uso juu, maana ikilala kifudifudi inaacha duara la buluu kwenye mbao. Kisha panga mipira yote 16 kwenye trei na umwambie mhudumu kwamba imetimia, ili asiihesabu upya.